Bei ya Saruji Isomwe Kabla Fedha Haijatoka

Leo tuzungumze juu ya ununuzi wa umma: jinsi Serikali na halmashauri zetu zinavyonunua saruji, nondo, mabati, madawati, dawa za zahanati na nguvu za fundi, na jinsi takwimu zinavyoweza kutusaidia kununua vizuri zaidi.

Huenda ukisikia neno zabuni unadhani ni habari ya wakubwa na makampuni ya mjini. Sivyo. Viongozi wetu wamekuwa wakieleza mara kwa mara kwamba takriban asilimia 70 ya bajeti ya Serikali huishia kwenye ununuzi. Ushuru uliolipa mnadani ulipouza ng'ombe, kodi iliyokatwa dukani ulipochukua sukari, ushuru wa huduma unaotoka kwenye mgodi wa North Mara, vyote hivyo vikirudi kijijini kwako vinakuja vimegeuka mfuko wa saruji, boksi la dawa au karavati. Bei ya mfuko ule inakuhusu wewe mwenyewe.

Turudi nyuma kidogo, Oktoba 2021. Serikali ilizindua mpango wa kupambana na athari za UVIKO-19 kwa mkopo wa shilingi trilioni 1.3 kutoka Shirika la Fedha la Kimataifa. Sehemu ya fedha hizo ikaelekezwa kwenye madarasa 15,000: 12,000 ya sekondari na 3,000 ya vituo shikizi. Kila darasa likatengewa shilingi milioni 20. Yalitakiwa yawe tayari kabla ya wanafunzi wa kidato cha kwanza kuripoti Januari 2022, ili waingie wote kwa mkupuo mmoja. Kazi ikafanyika kwa utaratibu tuliouzoea kuuita fosi akaunti: shule yenyewe inanunua vifaa na kuwapa kazi mafundi wa pale pale, bila kupitia mkandarasi.

Hebu tulitazame jambo hilo kwa jicho la mtu wa takwimu. Darasa ni lile lile, ramani ni ile ile, fedha ni zile zile, na muda ni ule ule, nchi nzima. Ni nadra sana Serikali kununua kitu kimoja mara 15,000 kwa wakati mmoja. Kila shule iliacha nyuma yake orodha ya bei: mfuko wa saruji kiasi gani, nondo ya milimita 12 kiasi gani, bati kiasi gani, lori la mchanga kiasi gani, fundi alilipwa ngapi. Na tunakumbuka kwamba katika miezi ile bei za vifaa vya ujenzi zilipanda, hadi viongozi wakawaonya wafanyabiashara. Kwa hiyo katika karatasi zile mna somo kamili kuhusu bei halisi ya kujenga darasa katika nchi hii, wilaya kwa wilaya, kata kwa kata. Karatasi hizo zikifungwa kwenye faili na kurundikwa kabatini, faida yake inaisha siku mkaguzi anapoondoka. Zikiwekwa pamoja na kulinganishwa, zinamsaidia mwalimu mkuu atakayejenga mwaka unaofuata.

Chukua wilaya zetu mbili, Tarime na Serengeti. Ukipima barabara kutoka Tarime mjini hadi Mugumu ni kama kilomita 87. Ndani ya umbali huo kuna milima ya Ukuryani, kuna mgodi wa dhahabu, kuna Mto Mara, na mwisho wake ni Hifadhi ya Serengeti iliyoanzishwa mwaka 1951. Bei haziwezi kufanana. Saruji inayoshushwa Tarime mjini kando ya barabara kuu ya lami haiwezi kuwa na bei moja na ile iliyopandishwa Nyanungu wakati wa masika. Fundi wa Nyamongo, mahali ambapo vijana wengi wanakimbilia mawe ya dhahabu, anaweza kudai zaidi ya fundi wa Issenye. Tofauti hizo zina sababu, na afisa mwenye haki atazikubali.

Lakini zipo tofauti zisizo na sababu, na hizo ndizo takwimu hutusaidia kuziona. Tuseme, kwa mfano tu, kuna shule tano ziko kando ya barabara moja, zimenunua saruji ndani ya mwezi mmoja. Nne zimenunua kwa bei zinazokaribiana, zikipishana kwa shilingi mia tano au elfu moja. Ya tano imenunua kila mfuko kwa shilingi elfu nne zaidi, tena kutoka kwa muuzaji ambaye ndiye aliyeiuzia moja ya zile nne. Ukiliona faili la shule hiyo peke yake hutagundua kitu. Risiti ipo, muhtasari wa kamati upo, sahihi zipo zote. Ni pale tu unapoziweka bei tano mezani kwa pamoja ndipo swali linapojitokeza lenyewe: kwa nini hapa?

Zingatia kwamba nimesema swali. Sijasema hukumu. Pengine ile shule ya tano ilinunua kwa mkopo kwa kuwa fedha zilichelewa kuingia, na muuzaji akaongeza bei. Pengine ilibidi saruji ipelekwe hadi eneo la ujenzi kwa trekta. Pengine kuna cha juu cha mtu. Takwimu humpeleka mkaguzi kwenye mlango unaopaswa kugongwa, na anayefungua mlango apewe nafasi ya kueleza. Nasisitiza hilo kwa sababu nimewaona walimu wakuu wanavyohangaika. Mtu alisomea kufundisha hisabati, leo amekuwa mhasibu, mtunza stoo, msimamizi wa mafundi na afisa ununuzi, na kipindi cha darasa la saba kinamngoja. Mfumo wowote wa takwimu unaoanza kwa kumtuhumu mtu huyu utamfanya aandike namba za kujikinga, na namba za kujikinga hazitufai kitu.

Sasa, msikilizaji, kuna habari njema. Kazi ya kukusanya takwimu hizi kwa mkono inapungua. Tangu Julai 1, 2023 nchi yetu ina mfumo wa kielektroniki wa ununuzi unaoitwa NeST, unaosimamiwa na Mamlaka ya Udhibiti wa Ununuzi wa Umma, PPRA. Umechukua nafasi ya mfumo uliotangulia, TANePS. Kuanzia Oktoba 1, 2023 taasisi zote za umma zilitakiwa kununua kupitia humo, na Sheria ya Ununuzi wa Umma Namba 10 ya mwaka 2023, iliyoanza kutumika Juni 2024, imeutia mfumo huo nguvu ya kisheria. Tangazo la zabuni linapita humo. Maombi ya mzabuni yanapita humo, nayo hayafunguliwi mpaka saa iliyopangwa. Tathmini inafanyika humo na mkataba unatolewa humo. Maana yake ni kwamba kila hatua inaacha alama yake: nani, lini, kwa bei gani, akishindana na nani.

Alama hizo zina thamani kubwa kuliko tunavyodhani. Ngoja nikutajie mambo machache ambayo mchambuzi anaweza kuyatafuta humo bila hata kutoka ofisini.

La kwanza ni idadi ya wanaoshindana. Halmashauri ikitangaza zabuni kumi, na katika nane kati ya hizo akajitokeza mwombaji mmoja tu, kuna kasoro mahali fulani. Huenda muda wa kuomba ulikuwa mfupi mno. Huenda masharti yalikatwa kwa kipimo cha kiatu cha mtu mmoja. Huenda wafanyabiashara wa Mugumu wamechoka kuomba kwa sababu wanalipwa kwa kuchelewa. Kila sababu ina dawa yake, lakini kwanza uione dalili.

La pili ni ushindani wa maigizo. Kampuni tatu zinaomba, moja inashinda kwa bei ya juu, nyingine mbili zimeweka bei ya juu zaidi kidogo. Mwezi unaofuata zinabadilishana zamu. Ukizichunguza, namba ya simu ni moja, sanduku la posta ni moja, hata makosa ya herufi kwenye barua zao yanafanana. Mjumbe wa bodi ya zabuni anayeliona jalada moja kwa wakati mmoja hawezi kulikamata jambo hilo. Kompyuta inayosoma majalada elfu moja kwa pamoja italiona kwa dakika chache.

La tatu ni kuukata ununuzi vipande vipande. Kila kiwango cha fedha kina utaratibu wake, na kazi kubwa inadai ushindani wa wazi zaidi. Basi kuna mtu ataugawa ununuzi mmoja mara nne ili kila kipande kibaki chini ya kiwango. Ukizipanga tarehe na kiasi kwa safu, vipande vinne vya wiki moja, muuzaji mmoja, bidhaa moja, vinajisema vyenyewe.

Haya wenzetu wameshayafanya. Korea Kusini, kupitia tume yake ya ushindani wa haki, ilianza mwaka 2006 kutumia programu inayosoma zabuni za umma na kuzipa alama za mashaka kwa kuangalia idadi ya washindani na jinsi bei zao zilivyopishana. Zenye alama nyingi hufuatiliwa na wachunguzi. Ukraine, baada ya misukosuko ya mwaka 2014, ilijenga mfumo unaoitwa Prozorro, ambao Agosti 2016 ulifanywa kuwa wa lazima kwa ununuzi wa umma. Waukraine walikwenda hatua moja mbele: takwimu zikawa wazi kwa kila mtu, na mashirika ya kiraia yakaanzisha jukwaa lao, Dozorro, ambapo mwananchi anaweza kuitilia shaka zabuni kwa kutaja sababu. Mataifa hayo si malaika. Walichofanya ni kuacha kungoja ripoti ya mwisho wa mwaka.

Na hapo ndipo penye kiini cha mazungumzo yangu ya leo. Sisi tunaye Mdhibiti na Mkaguzi Mkuu wa Hesabu za Serikali, CAG, na ripoti zake tunaziheshimu. Kila Aprili zikisomwa, nchi nzima inazungumza. Lakini hesabu nami muda. Mwaka wa fedha wa 2023/24 ulianza Julai 2023. Ripoti yake ilikabidhiwa kwa Rais mwishoni mwa Machi 2025, ikaingia bungeni Aprili. Kwa hiyo saruji iliyonunuliwa kwa bei ya ajabu Julai 2023 imefika bungeni karibu miezi 21 baadaye. Darasa limeshajengwa, pengine limeshapasuka. Mwalimu mkuu amehamishwa. Muuzaji amefunga duka na kufungua jingine kwa jina la mkewe. Tunabaki kusema fedha za umma zimeliwa, na kuzirudisha ni mbinde.

Mchungaji wa Kikurya hangoji mwaka uishe ndipo awahesabu ng'ombe wake. Anawapitisha mlangoni mwa zizi kila jioni, mmoja mmoja, na asipomwona yule wa madoa anatoka kumtafuta usiku ule ule, kabla hajavuka mpaka. Fedha zetu zinastahili hesabu ya namna hiyo: isomwe bei kabla malipo hayajaidhinishwa. Afisa ununuzi anapoweka bei ya bati kwenye mfumo, mfumo umwonyeshe papo hapo wenzake wa wilaya jirani walinunua kwa kiasi gani mwezi huo. Kama ya kwake imezidi mno, aandike sababu kabla ya kuendelea, na mkaguzi wa ndani wa halmashauri aione sababu hiyo siku ile ile. Hapo hatujamkamata mtu. Tumemzuia asianguke, na fedha bado zipo benki.

Tusidanganyane, hata hivyo. Kompyuta inasoma kile ilicholishwa. Namba ya kwanza kabisa inazaliwa stoo, kijijini. Tazama inavyokuwa: lori limefika jioni, mvua inanyesha, wajumbe wa kamati ya mapokezi wawili wamekwenda msibani. Mtunza stoo anashusha mifuko, anaandika kwenye leja mifuko 200 kwa sababu hati ya muuzaji inasema 200. Hakuna aliyehesabu. Kesho yake wajumbe wanasaini. Kama iliyoshuka ni 185, basi kuanzia dakika ile uongo umeingia kwenye leja, ukatoka kwenye leja ukaingia kwenye mfumo, na huko juu Dodoma unaonekana ni ukweli mtupu. Ndiyo maana nasema uchambuzi wa takwimu unaanzia kwa mjumbe wa kamati ya mapokezi anayekataa kusaini kitu ambacho hajakihesabu. Mjumbe huyo, mara nyingi mkulima asiye na posho ya maana, ni mchambuzi wetu wa kwanza. Afundishwe, aheshimiwe, na lori lisishushwe bila yeye.

Vivyo hivyo na mtandao. Kuna kata ambako mwalimu lazima apande kilima au apande bodaboda hadi mjini ili afungue NeST. Kuna mafundi hodari wa kujenga ukuta ulionyooka kama uzi ambao hawajawahi kushika kompyuta. Mtu wa namna hiyo akiachwa nyuma, kazi yake itachukuliwa na mjanja wa mjini anayejua kubonyeza, kisha atamrudia yule yule fundi na kumlipa nusu. Halmashauri ziwe na dawati la kuwasaidia mafundi na wauza maduka kujisajili, nao wasaidiwe bila kudaiwa kitu.

Kwenye dawa nako tuna mfano wetu wenyewe. Zahanati inapokosa dawa kutoka Bohari ya Dawa (MSD), hununua kwa mshitiri, yaani muuzaji binafsi mmoja aliyeteuliwa kwa ushindani ngazi ya mkoa, kwa bei zilizokubaliwa mapema. Utaratibu huo ulianzia Dodoma mwaka 2014, ukaenea nchi nzima mwaka 2018. Uzuri wake ni kwamba bei inajulikana kabla ya kununua. Lakini swali la takwimu linabaki: ni dawa zipi ambazo zahanati zetu za Serengeti zinazikosa MSD mara kwa mara, miezi ipi, na mshitiri anazileta baada ya siku ngapi? Anayejua kwamba dawa za malaria huisha baada ya mvua ataagiza kabla ya mvua. Mama anayembeba mtoto mwenye homa kutoka Machochwe asitembee kilomita zote zile kwenda kuambiwa akanunue duka la dawa.

Kuna jambo jingine linalowagusa vijana na kina mama. Sheria inaagiza asilimia 30 ya ununuzi wa umma itengwe kwa makundi maalumu: wanawake, vijana, wazee na watu wenye ulemavu. Ni agizo zuri. Basi tuulize kwa namba: katika halmashauri yako, mwaka huu wa fedha, vikundi vingapi vimepewa zabuni, vya wapi, na vimelipwa baada ya muda gani? Kikundi cha akina mama wa Mugumu kinachoshona sare, au vijana wa Nyamwaga wanaochonga madawati, wana haki ya kujua kama ile asilimia 30 ipo mezani kweli au imebaki kwenye vitabu. Taarifa hiyo inaweza kutolewa na mfumo kwa muda mfupi, kama mkubwa ameagiza itolewe.

Na hapa nafika kwenye neno la mwisho: nani azisome takwimu hizi? Zikisomwa na maofisa peke yao, tutakuwa tumebadilisha kabati la mbao kwa kabati la umeme. Wazee wa Kikurya wanalo ritongo, baraza la jamii ambalo shauri linazungumzwa mbele ya watu, na mwenye lawama anasimama akaulizwa huku majirani wakisikia. Sheria ya nchi nayo inatambua jambo la jinsi hiyo: mkutano mkuu wa kijiji unapaswa kukaa angalau mara moja kila miezi mitatu, na hapo ndipo mapato na matumizi husomwa. Tena tuna Sheria ya Haki ya Kupata Taarifa ya mwaka 2016, inayompa raia haki ya kuomba taarifa iliyo mikononi mwa taasisi za umma, na kumtaka mwenye taarifa ajibu ndani ya siku 30.

Kwa wakurugenzi wa halmashauri zetu na madiwani nina ombi moja. Kila robo mwaka, pamoja na jumla ya mapato na matumizi, bandikeni kwenye ubao wa kata karatasi moja ya bei: vifaa kumi vilivyonunuliwa zaidi, bei ya kila shule na kila zahanati, na jina la muuzaji. Karatasi moja tu, kwa Kiswahili cha kawaida, isiyohitaji mhasibu kuifafanua. Fedha za wajibu wa mgodi kwa jamii, zile za vijiji vinavyouzunguka mgodi wa North Mara, nazo ziandikwe hivyo hivyo, maana ni mali ya wananchi kama zilivyo nyingine.

Na kwako, msikilizaji: katika mkutano mkuu ujao wa kijiji chako, nyosha mkono. Usimtuhumu mtu. Uliza mambo matatu tu. Mfuko wa saruji tulinunua kwa bei gani? Shule ya jirani walinunua kwa bei gani? Na nani aliihesabu ilipofika? Mwenyekiti akikosa jibu, omba liandikwe kwenye muhtasari na lijibiwe mkutano unaofuata. Halafu uhudhurie na mkutano huo.